Makamu mkuu kauliza nani atabadilisha tarehe: tovuti ya shule niiandike mwenyewe au niweke WordPress?

BARUA

Kaka, shikamoo. Mimi ni kijana wa huku Iringa, mtaa wa Kihesa, nina diploma ya TEHAMA ila ajira ya kudumu bado natafuta, kwa sasa mkono unaenda kinywani kwa kutengeneza kompyuta za watu na kazi ndogondogo za tovuti. Naomba unishauri maana kila ninayemuuliza ananivutia upande wake na muda unakwenda.

Kuna shule ya sekondari ya binafsi, ina bweni na kutwa, wamenipa kazi ya kuwatengenezea tovuti. Wanataka mzazi akiingia aone ada, ashushe fomu ya kujiunga, ajue usaili wa kidato cha kwanza ni lini na vituo viko wapi, aone matangazo ya kufunga na kufungua shule, matokeo ya kidato cha nne na cha sita, na picha za mahafali na michezo. Mkuu wa shule anataka iwe hewani kabla watoto wa darasa la saba hawajafanya mtihani wao, kwa sababu hapo ndo wazazi wanaanza kuulizia nafasi.

Mimi HTML na CSS za kuandika na kupamba kurasa ziko mkononi, JavaScript ya kawaida naandika, PHP ya upande wa seva naandika na databesi ya MySQL naijua. Nimeshaanza, nimeandika kila kitu mwenyewe, hakuna themu (muonekano uliotengenezwa tayari) ya mtu, na muonekano wa kurasa karibu zote umeisha. Zinafunguka fasta hata kwenye mtandao wa kusuasua. Kwakweli naipenda hii kazi na ningependa iwe ndo ya kuonyesha watu nikiomba ajira.

Sasa nimeenda kuwaonyesha, mkuu kafurahi, ila makamu mkuu, mama mmoja mtu mzima hivi na mtaratibu, akaniuliza "Mwanangu, tarehe ya kufungua shule ikibadilika mimi nafanyaje?" Nikamwambia utanipigia simu mama nitaibadilisha. Akasema sawa, na ukipata kazi Dodoma? Hapo nikakosa jibu. Nimerudi nyumbani nikaanza kufikiria kujenga paneli ya admini, yaani ukurasa wa kulogini, alafu ndani kuna fomu ya kuandika tangazo, fomu ya kupandisha picha na sehemu ya kuweka PDF.

Nikawauliza wenzangu kwenye grupu letu la WhatsApp. Nusu wanasema nikitumia WordPress, ile programu ya bure ya kuendeshea tovuti, mimi sio programa, ni mtu wa kuburuta vitu na kudondosha, na mwajiri akiona hivyo hanichukui. Wengine wanasema napoteza muda, jamaa mmoja tuliyesoma naye anaweka tovuti za WordPress ndani ya siku mbili, analipwa, anasepa, na ameniambia ana themu nzuri ya shule, ni ya kulipia ila yeye kaishusha bure mahali, atanitumia. Mwingine akasema WordPress inadukuliwa sana, heri niandike mwenyewe ndo usalama.

Maswali yangu kaka: niendelee na ya kwangu na hiyo paneli, au nihamie WordPress? Nikihamia, hizi kurasa nilizoandika ndo basi tena? Na je ni kweli nitaonekana sijui kazi? Halafu kingine, hela ya kuitunza tovuti baada ya kumaliza naidaije, maana tumekubaliana malipo ya kutengeneza tu.

Ni mimi mdogo wako, Iringa.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi, sio kila kijana anapewa tovuti ya shule nzima akiwa bado anatafuta ajira.

Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma hadi chini huku roho juu: kwa hiyo shule weka WordPress, ila themu iandike mwenyewe kwa mkono wako, kutokana na hizohizo kurasa ulizokwisha kutengeneza. Na hiyo themu ya rafiki yako usiiguse kabisa, nitakwambia kwanini.

Huyo mama makamu mkuu kwenye hiyo kazi yako ndo mtu aliyeiona vizuri kuliko wote, kuliko hata grupu lenu zima. Watu wakibishana WordPress au kuandika mwenyewe huwa wanabishana habari za mtu anayejenga, anajua nini, anaona fahari gani, anamaliza kwa siku ngapi, kumbe mtu wa kuangaliwa ni yule atakayebaki nayo wewe ukishaondoka. Ebu upitie mwaka wa shule uone: Januari kidato cha kwanza wanaripoti na mwezi huohuo matokeo ya kidato cha nne huwa yanatoka, hapo katikati kuna mahafali ya kidato cha sita kabla ya mtihani wao wa mwezi wa tano, Julai kidato cha tano wanaingia na fomu zao, Septemba la saba wanafanya mtihani na usaili unaanza na hao wa pre-form one (masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza), kisha mahafali ya kidato cha nne, kisha ada mpya ya mwaka unaofuata. Kila kimoja hapo ni tangazo, au PDF, au picha, na mara nyingi ni tarehe iliyobadilika jana jioni kwenye kikao na inatakiwa iwe kwenye tovuti leo asubuhi kabla mzazi wa Mbeya hajapanda basi na mtoto na tranka. Ukiwa wewe ndo njia pekee ya kubadilisha hiyo tarehe, basi shule haina tovuti, ina namba yako ya simu.

Kwahiyo makamu anahitaji mahali pa kuingia na kubadilisha mwenyewe, hilo halina mjadala, na wewe umeliona ndo maana ukawaza paneli. Ila hapa nataka unisikilize vizuri. Siku unayoandika ukurasa wa kulogini na fomu ya kuweka tangazo, ujue umeshaanza kujenga CMS, yaani mfumo wa kusimamia maudhui kama WordPress. Hujaikwepa. Umeamua tu kujenga ya kwako, peke yako, usiku, bila mtu wa pili wa kuikagua, na kwa malipo yaleyale ya tovuti. Unadhani ni fomu tatu. Sio fomu tatu. Paswedi lazima uzihifadhi kwa fanksheni ya PHP ya password_hash na sio njia dhaifu ya md5 kama mafunzo mengi ya zamani yanavyoonyesha, makamu akisahau paswedi lazima kuwe na njia ya kumtumia barua pepe ya kuibadilisha na hiyo barua pepe isiishie kwenye spamu, kila ombi linaloenda kwenye databesi lipite kwenye prepared statement, yaani maneno ya mtumiaji yatenganishwe na amri, ili mtu asichomeke amri zake za SQL (lugha ya databesi) pale kwenye kisanduku cha kutafuta, fomu ya kupandisha picha iweze kumkataa mtu aliyeleta faili la PHP akalipa jina la picha, kila fomu iwe na tokeni yake ya kuzuia ombi lililotoka tovuti nyingine, anayekosea paswedi mara nyingi azuiwe, tangazo likifutwa kwa bahati mbaya liweze kurudi, tangazo likiwa halijakamilika likae rasimu lisionekane. Hapo bado makamu hajakuambia anataka maneno mengine yawe meusi na mengine yawe na rangi, na kwamba ameyakopi kutoka Word na yamekuja na vialama vya ajabu.

Sikuambii huwezi. Unaweza. Ila ukimaliza utakuwa na kitu kilichokaguliwa na mtu mmoja, wakati WordPress iko hewani toka mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little waliianzisha kutoka kwenye programu iliyokuwa inaitwa b2, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia zinaendeshwa nayo. Ule ukurasa wake wa kulogini umeshambuliwa kila siku kwa miaka yote hiyo, matundu yametafutwa na watu wazuri na wabaya, yameonekana, yamezibwa. Huo ukaguzi unaupewa bure. Kuukataa kwa ajili ya fahari ni gharama ambayo haulipi wewe, inalipwa na shule.

Kuna na habari ya kuzeeka. Mtu akiandika HTML tupu na CSS, hiyo kweli haizeeki haraka, faili la mwaka 2005 linafunguka mpaka leo. Ila PHP inazeeka. Mafunzo mengi yalifundisha watu mysql_connect na mysql_query, na PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015 hizo fanksheni zote ziliondolewa kabisa. Kilichofuata ni kwamba hosti (kampuni inayohifadhi tovuti) anapandisha seva zake kwenda toleo jipya, na mwenye biashara anaamka asubuhi anakuta ukurasa mweupe umeandikwa Fatal error, anampigia kijana aliyemtengenezea, kijana kahama mkoa na namba haipatikani. Mimi nimeitwa kwenye kazi za hivyo, unafungua faili unakuta misimbo haina maelezo hata mstari mmoja, majina ya vigeuzi ni a, b, c, na mwenye tovuti amesimama nyuma yako anauliza kwani ni shida kubwa? WordPress nayo inahitaji kuapdetiwa, tena sana, ila fundi yeyote kuanzia Mtwara mpaka Bukoba anaifungua anajua kitu gani kiko wapi. Shule ikikukosa wewe inampata mwingine. Hilo ndo lilikuwa swali la pili la makamu, lile la Dodoma.

Sasa kuhusu kudukuliwa. Aliyekwambia WordPress inadukuliwa sana hajadanganya, ila hajakwambia inadukuliwaje. Mara nyingi mlango sio WordPress yenyewe, ni plagini (kiprogramu cha nyongeza) ambayo haijaapdetiwa muda mrefu, ni paswedi ya jina la shule na mwaka, na ni hizi themu za kulipia zilizovunjwa kufuli zikagawiwa bure. Nakupa moja niliyoishika mwenyewe, jina la shule silitaji. Mkuu wao alinipigia kwamba wazazi wanasema wakitafuta jina la shule Google linakuja na maandishi ya Kijapani. Nikatafuta, kweli, jina la shule lipo, chini yake maneno ya Kijapani na bei za mikoba na viatu, na ukibofya unapelekwa duka usilolijua. Ukiandika anuani ya tovuti moja kwa moja inafunguka vizuri kama kawaida, ndo maana hapo shuleni hakuna aliyeshtuka. Nikaingia cPanel, paneli ya kusimamia hosting, nikafungua folda ya wp-content, nikaenda uploads ambako kunatakiwa kuwe na picha na PDF tu, nikakuta katikati ya picha za mahafali kuna faili la PHP lina jina la herufi zisizo na maana, ndani yake mstari mmoja mrefu unaanza na eval na base64_decode, yaani amri za kufumbua na kuendesha msimbo uliofichwa. Nikarudi kwenye folda ya themu, mwisho wa functions.php nako kuna mstari ndugu na ule. Themu ilikuwa ya kulipia, imepatikana bure. Yule aliyeivunja kufuli hakufanya kwa huruma, aliweka mlango wake ndani kabla ya kuigawa, na kila aliyeipandisha kwenye seva yake alimfungulia mwenyewe. Kwahiyo rafiki yako akikutumia hiyo themu mshukuru na uifute.

Na usidhani ni WordPress tu. Drupal, mfumo mwingine kama WordPress na wenye watu makini sana, ilikutwa na tundu kubwa la SQL, marekebisho yakatangazwa tarehe 15 Oktoba 2014, na wiki mbili baadae timu yao ya usalama ikawaambia watu wazi kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 toka tangazo litoke ihesabiwe imeshaingiliwa. Saa 7, mdogo wangu. Mfumo wowote wenye databesi na kulogini unahitaji mtu wa kuuangalia, na wa kwako wa mkono ungehitaji hivyohivyo ila usingekuwa na timu ya kukupigia kengele. Wenye WordPress angalau toka toleo la 3.7 la mwaka 2013 marekebisho madogo ya usalama yanaingia yenyewe, na toka 5.5 ya mwaka 2020 unaweza kuruhusu plagini nazo zijiapdeti. Washa hivyo vitu. Plagini weka chache, za kutoka kwenye hazina yao rasmi, ukikuta haijaapdetiwa zaidi ya mwaka iache hata kama ni nzuri. Jina la mtumiaji lisiwe admin. Mpe makamu nafasi ya Editor, hapo anaweza kuandika na kupablishi kila kitu lakini hawezi kugusa plagini wala themu, wewe ndo ubaki Administrator pamoja na akaunti moja ya shule itakayofungiwa kwenye bahasha kwa mkuu.

Haya, kurasa zako. Hazipotei hata moja. Themu ya WordPress ili itambulike inahitaji faili mbili tu, style.css na index.php, vingine vyote unaongeza wewe. Chukua ukurasa wako wa mwanzo, ukate: kuanzia juu mpaka menyu inapoishia ndo header.php, chini kabisa ndo footer.php, hapo katikati unabaki na kiunzi ambacho maneno yake yatakuja kutoka kwenye databesi kupitia ule mzunguko wao wa have_posts na the_post, na pale ulipoandika kichwa cha habari kwa mkono unaweka the_title. CSS yako inabaki vilevile, usiibadilishe hata mstari, unaiita tu kwenye functions.php. Usisahau wp_head na wp_footer maana plagini zinategemea hapo. Kisha fanya kitu kimoja ambacho kitampendeza sana makamu: kwa fanksheni ya register_post_type mtengenezee aina zake za maudhui, mfano "Matangazo" na "Fomu", ili akilogini pembeni aone neno Matangazo kwa Kiswahili, abofye, aandike kichwa, aandike maelezo, aambatanishe PDF, abonyeze Publish, basi, limetokea ukurasa wa mwanzo tarehe ikiwa imejiweka yenyewe. Ada nayo iwe ukurasa wake anaoweza kuufungua na kubadilisha namba bila kugusa muonekano.

Ukifanya hivyo utakuwa umeandika HTML, CSS, PHP na JavaScript yako mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanaosema sio kuprogramu wamezoea kuona mtu anayechukua themu ya mwingine, anaweka bilda nzito (plagini ya kupanga kurasa kwa kuburuta) juu yake, anaongeza plagini ishirini na anaondoka, na huyo kweli hajaandika kitu, lakini kosa sio la WordPress. Mwajiri anayejua kazi atakuomba uonyeshe folda ya themu, na atakapoikuta safi, faili zina majina ya maana na maelezo, na tovuti inafunguka fasta, atajua ameongea na mtu wa aina gani. Hizo themu za kununua nazo mara nyingi zinabeba slaida na fonti na skripti kibao ambazo shule haizihitaji, mzazi wa kijijini anazilipia kwa bando lake. Ya kwako itakuwa nyepesi kwa sababu umeweka kinachohitajika tu. Hapo ndo ujuzi wako wa kuandika kwa mkono unapoonekana, na nakusihi usiuache.

Kwenye picha naomba ukae kidogo maana tovuti za shule nyingi zinafia hapo. Makamu atapiga mahafali kwa simu, picha moja ina MB 4 au 5, atazipandisha zote kama zilivyo. Kwenye tovuti ya HTML tupu zitakaa hivyohivyo na ukurasa wa picha utakula bando la mzazi lote. WordPress toka 5.3 ikipokea picha inayozidi pikseli 2560 inaipunguza yenyewe, inatengeneza na saizi ndogo ndogo, na simu inapewa ile inayoitosha. Ila 2560 bado ni kubwa kwa simu, kwahiyo kwenye themu yako hakikisha ukurasa wa picha unaita saizi ya kati na sio picha nzima. Na kwenye hizo picha, majina kamili ya watoto pamoja na sura zao na madarasa yao usiyaweke, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hawa ni watoto, mwambie mkuu wapate ridhaa ya wazazi kwanza. Matokeo usiyaandike upya, weka linki ya kwenda NECTA, Baraza la Mitihani.

Sasa nisikudanganye kwamba jibu ni WordPress kila mahali. Ofisi ya mwanasheria yenye kurasa nne zinazobadilika mara moja kwa miaka miwili, kadi ya mwaliko, ukurasa wa fundi seremala mwenye picha za kazi na namba ya WhatsApp, hivyo andika HTML na CSS kwa mkono, weka kwenye GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi kurasa za hivyo, bure kabisa, hakuna databesi, hakuna kulogini, mdukuzi hana pa kushika. Tovuti yako binafsi ya kuombea kazi nayo iandike hivyo. Kuna na njia ya kati, Hugo au Jekyll, unaandika maneno kwenye faili na programu inakutolea HTML, nzuri sana kwa mtu wa koding, ila makamu mkuu kumfundisha Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kwa ajili ya tangazo la kikao cha wazazi ni kumtesa.

Na hata kwa hiyo shule lipo jambo moja litakalonifanya nibadili jibu. Muulize mkuu waziwazi nani ataingia kuandika kila wiki, na nani atalipia matunzo kila mwaka. Akikwambia hakuna, sisi tunataka tu tuonekane tupo mtandaoni, basi wape kurasa zako za HTML kama zilivyo, weka ada na namba za simu na fomu moja ya PDF, ondoka. WordPress iliyotelekezwa ni hatari kuliko ukurasa wa HTML uliotelekezwa, huu wa HTML utachakaa habari zake tu, ile nyingine siku moja itauza mikoba kwa Kijapani. Lakini kwa jinsi ulivyomwelezea huyo mama naona shule yenu inaye mtu wa kuandika.

Hela. Kwanza domeni (jina la tovuti) isajiliwe kwa jina la shule na barua pepe ya shule, sio ya kwako, na kwa shule ipo ile ya .sc.tz, waambie wachukue hiyo. Hosting nayo iwe kwa jina lao. Vijana wengi wanaziweka kwa majina yao wakidhani ndo namna ya kumshika mteja asikimbie, matokeo yake kijana akipata shida yoyote shule inapoteza jina lake, na mji mdogo kama Iringa habari hiyo inakufuata. Cheti cha https usiwatoze, Let's Encrypt kipo bure, hosti wengi wanakuwashia.

Malipo ya kutengeneza na malipo ya matunzo ni vitu viwili, viandike kwenye karatasi mbili tofauti. Ya matunzo taja kazi zenyewe kwa lugha ambayo mhasibu ataielewa: kila mwezi unaapdeti WordPress na plagini, unachukua bakapu na kuiweka nje ya hiyo seva, kila muhula unajaribu kurudisha bakapu moja kwenye kompyuta yako kuona kama inafanya kazi kweli, na makamu akikwama unapokea simu. Mkuu akiona kazi zimeandikwa atalipa bila kuona unamuibia, akiona neno matunzo peke yake atauliza unatunza nini wakati tovuti imeshaisha. Andika na mwisho wake: ukipata ajira unampa mwezi mmoja, unamkabidhi fundi mwingine paswedi zote na folda ya themu. Makamu umsomee hicho kipengele yeye mwenyewe.

Halafu siku ya kukabidhi usimfundishe kwa kumwonyesha. Mkalishe yeye kwenye kiti, simu yake mkononi maana huko ndo atafanyia kazi sio kwenye kompyuta, mwambie mama weka tangazo la kufungua shule, na wewe mikono yako iweke mfukoni. Atakapokwama ndo utajua themu yako inahitaji kurekebishwa wapi. Rekebisha hapo, siku ya pili mrudie na sekretari naye awepo.

Ukianza kukata hizo kurasa na ukakwama kwenye register_post_type niandikie tena, ila safari hii niletee functions.php yenyewe niisome.